Maji Yaliyotoka Kwenye Majitaka: Je, Yafaa Kunywa na Kutawadhia?



 

Ndugu wasomaji, wanafunzi wapenzi na wazazi wetu wapendwa, makala haya yametokana na swali tulililoletewa na mama mmoja ambaye watoto wake wawili wadogo wanasoma hapa madrasani. Mwanawe mkubwa anaishi na mkewe na watoto katika mji wa Anaheim, Kaunti ya Orange, jimbo la California nchini Marekani. Siku moja mkewe alipata karatasi ya maelezo inayoeleza kwamba sehemu ya maji yanayotumika katika kaunti ile yanatokana na majitaka yaliyosafishwa, yaani maji yaliyotoka vyooni, mabafuni na majikoni. Tangu siku hiyo yule binti hatawadhi tena kwa maji ya bomba. Ananunua maji ya chupa ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia. Zaidi ya hayo, amekaa anahesabu swala zake zote za miaka mitatu aliyoishi mji ule, akitaka kuzilipa, kwa kuwa anaamini alizisali kwa udhu wa maji ya najisi. Mumewe anamwambia anajitesa bure. Yeye anamjibu kwamba mwenye kudharau twahara hana swala. Mama yao akatujia na kusema, "Ustadhi, hawa wanangu wawili wananipigia simu kila mmoja kwa wakati wake, na mimi sijui nimwambie nani kuwa ana haki."

Tulimwambia, "Mama, tupe muda tusome." Maana swali hili lina pande mbili. Upande mmoja ni wa fiqhi, na upande wa pili ni wa kujua hayo maji yenyewe yanafanywa nini. Mtu hawezi kutoa hukumu ya kitu asichokijua kilivyo. Basi tuanze na maji yenyewe.

KAUNTI YA ORANGE NA VISIMA VYAKE

Kaunti ya Orange iko kusini ya Los Angeles, kando ya bahari ya Pasifiki. Mvua zake ni chache, na miaka ya ukame huja mara kwa mara. Watu wa upande wa kaskazini na kati ya kaunti hiyo, ambao ni takriban milioni 2.5, wanategemea zaidi maji ya visima yanayotoka katika hazina kubwa iliyo chini ya ardhi. Yasipotosha huletewa mengine kutoka mbali, kutoka Mto Colorado na kutoka kaskazini ya California, kwa mifereji ya mamia ya kilomita.

Sisi watu wa pwani tunaujua ugonjwa wa visima vya karibu na bahari. Ukivuta maji mengi kuliko yanayorudi ardhini, bahari huanza kupenya kidogo kidogo chini kwa chini, na kisima kilichokuwa kitamu kikageuka cha chumvi. Ndivyo ilivyotokea Kaunti ya Orange. Serikali ya jimbo ilikwisha kuunda Mamlaka ya Maji ya kaunti hiyo mwaka 1933 ili kulinda hazina ya chini ya ardhi, lakini idadi ya watu iliongezeka, mashamba ya michungwa yakageuka miji, na bahari ikaendelea kuingia.

Dawa waliyoipata ilikuwa ni kujenga ukuta, lakini si wa mawe bali wa maji. Walichimba safu ya visima karibu na pwani, wakawa wanasukuma maji matamu kwenda chini ili yaisukume bahari irudi nyuma. Lakini maji hayo matamu yatoke wapi, ikiwa ya kunywa yenyewe hayatoshi? Katikati ya miaka ya 1970 wakajenga mtambo ulioitwa Water Factory 21, yaani kiwanda cha maji, ambao ulichukua majitaka na kuyasafisha kwa kiwango cha maji ya kunywa, kisha ukayasukuma ardhini. Kwa hiyo watu wa kule walianza jambo hili zamani, kabla hata ya wengi wetu walimu kuzaliwa.

MAMLAKA MBILI ZAKAA MEZA MOJA

Ilipofika miaka ya 1990, Mamlaka ya Maji ilihitaji maji mengi zaidi kwa ajili ya ule ukuta. Wakati huo huo jirani yake, Mamlaka ya Majitaka ya kaunti hiyo hiyo, ilikuwa na shida ya kinyume. Wao walikuwa na maji mengi kupita kiasi. Majitaka ya miji yalikuwa yanaongezeka, na bomba lao kubwa la kumwaga baharini maji yaliyokwisha kusafishwa lilikuwa linaelekea kutotosha, hasa siku za mvua kubwa. Walikuwa wanafikiria kujenga bomba la pili, nalo lingegharimu mamilioni mengi ya dola, ili mradi tu maji yamwagike.

Huyu ana kiu, na yule ana maji ya kutupa. Mtu atasema jambo hili ni rahisi, lakini wanaojua mambo ya ofisi za serikali watakubaliana nasi kwamba ofisi mbili kukaa na kugawana gharama si jambo la kila siku. Kila moja ina bodi yake, bajeti yake na wakubwa wake. Katika bodi ya Mamlaka ya Maji wamo wajumbe wanaochaguliwa na wananchi na wengine wanaoteuliwa na miji mikubwa. Katika bodi ya Majitaka wamo zaidi madiwani wa miji inayohudumiwa. Pande zote mbili zilikubaliana kujenga mtambo mmoja mkubwa katika mji wa Fountain Valley, pua na mdomo na mtambo wa majitaka uliokuwapo. Gharama za mwanzo zilikuwa dola za Kimarekani milioni 481, wakasaidiwa sehemu na serikali ya jimbo na serikali kuu. Mamlaka ya Majitaka ilikubali kutoa maji yake bure, na Mamlaka ya Maji ikakubali kuendesha mtambo.

Mtambo ulianza kazi Januari 2008, ukitoa lita milioni 265 kwa siku. Mwaka 2015 ukapanuliwa hadi takriban lita milioni 378. Mwaka 2023 ukapanuliwa tena na kufikia lita milioni 492 kwa siku. Mwanafunzi wa hesabu na agawe kwa dumu la lita 20, ataona kwamba ni zaidi ya madumu milioni 24 kila siku, na yanatosha mahitaji ya watu wapatao milioni moja. Hivi sasa majitaka yote ya Mamlaka ile yanayofaa kusafishwa hupitia katika mtambo huo.

SAFARI YA MAJI KUTOKA CHOONI

Sasa tuyafuate maji hatua kwa hatua, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha swali la yule binti.

Kwanza, majitaka huingia katika mtambo wa Mamlaka ya Majitaka. Takataka kubwa huzuiwa na nyavu, mchanga na uchafu mzito huachwa utuame, kisha vijidudu vidogo vinavyofugwa kwa makusudi hula uchafu uliobaki ndani ya maji. Baada ya hapo maji hutuamishwa tena. Katika miji mingi ya dunia kazi huishia hapa, na maji humwagwa mtoni au baharini. Kule ndipo kazi ya pili inapoanza.

Maji huvuka kwenda upande wa Mamlaka ya Maji, na hukutana na chujio la kwanza. Fikiria kifumbu cha kuchujia tui, kinachozuia machicha na kupitisha tui. Chujio hili linafanya kazi hiyo hiyo, ila matundu yake ni madogo mno kiasi kwamba bakteria hawapiti. Ni maelfu na maelfu ya mirija ya plastiki myembamba mfano wa tambi, yenye uwazi katikati, na kila tundu katika kuta zake ni takriban sehemu moja ya 300 ya unene wa unywele. Maji hupenya kuingia ndani ya mrija na uchafu hubaki nje.

Lakini kifumbu hakiwezi kuzuia kitu kilichoyeyuka. Chumvi ikiyeyuka katika maji hupita pamoja nayo. Kwa hiyo hatua inayofuata ni nyingine kabisa. Kila anayetengeneza kachumbari anajua kwamba ukikata kitunguu ukakitia chumvi, baada ya muda mfupi kinatoa maji. Maji yametoka ndani ya kitunguu kupitia ngozi zake nyembamba yakaifuata chumvi. Hiyo ndiyo tabia ya maji aliyoyaumba nayo Mola, kwamba hupenda kwenda upande wenye chumvi nyingi. Wataalamu wakaigeuza tabia hiyo. Wanayasukuma maji kwa pampu zenye nguvu kubwa dhidi ya utando wa plastiki, yakalazimika kwenda kinyume, kutoka upande wa chumvi kuja upande safi. Maji hupita, lakini chumvi, virusi, mabaki ya dawa za hospitali na sehemu kubwa ya kemikali hubaki nyuma. Katika kila lita 100 zinazoingia, takriban 85 hutoka safi, na zilizobaki hubeba uchafu wote na kupelekwa baharini.

Hatua ya tatu ni mwanga. Maji hutiwa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoka povu ikimiminwa kwenye kidonda, kisha hupitishwa mbele ya taa kali za mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huua kijidudu chochote kilichoponyoka, na ikiungana na ile dawa huvunjavunja kemikali ndogo ndogo zilizofaulu kupita katika utando.

Maji yanayotoka hapo ni matupu mno. Hayana chumvi wala madini, na yakiachwa hivyo yatakula mabomba yanamopita. Kwa sababu hiyo huongezwa chokaa kidogo, yenye asili moja na hii tunayopakia kuta. Watoto darasani walicheka tulipowaeleza hili. Maji yaliyotoka chooni yamesafishwa mpaka yakahitaji kurudishiwa kitu!

Hata hivyo hayapelekwi moja kwa moja bombani. Sehemu yake husukumwa katika vile visima vya ukuta wa pwani. Sehemu nyingine husafiri kwa bomba refu la kilomita zipatazo 20 hadi kwenye mabwawa yaliyoko Anaheim, mji ule ule wa huyo kijana wetu, na hapo yanazama taratibu katika mchanga hadi kwenye hazina ya chini. Huchanganyika na maji mengine mengi yaliyoko huko, hukaa kwa miezi kadhaa au zaidi, ndipo visima vya miji vikayavuta.

JAMBO LILILOTOKEA MWAKA 2000

Hatupendi kuwapa wasomaji wetu hadithi tamu isiyo na mwiba. Mwaka 2000, wakati ule mtambo wa zamani bado unafanya kazi, wapimaji waligundua katika maji yaliyokwisha kusafishwa chembe za kemikali iitwayo NDMA, ambayo inashukiwa kuleta saratani. Molekuli zake ni ndogo mno, hupenya hata katika utando. Muda mfupi baadaye ikaonekana nyingine iitwayo dioksani. Walitangaza, wakafunga visima vilivyohusika, na wakaongeza zile taa za mionzi. Kwa hiyo hatua ya tatu tuliyoieleza ni tunda la kosa hilo.

Lakini dioksani ilitoka wapi? Ilifuatiliwa kwenye mabomba ya majitaka mpaka ikapatikana ilikotoka, nako ni kiwanda kimoja kilichokuwa kinaimwaga, na umwagaji huo ukasimamishwa. Wasomaji wetu waangalie hapa ni nani mwenye uwezo wa kulifanya jambo hili. Mamlaka ya Maji haina amri juu ya mabomba ya viwanda. Mwenye amri ni Mamlaka ya Majitaka. Kama mamlaka hizi mbili zingekuwa hazisemezani, mmoja angekuwa anachuja usiku na mchana na mwenziwe anaruhusu sumu mpya kila asubuhi. Kwa maoni yetu hii ndiyo maana hasa ya ushirikiano ule, kuliko hata zile fedha walizochangiana. Usafi wa maji yale unaanzia mlangoni pa kiwanda na pa kila nyumba, na mwenye kuulinda mlango huo si yule mwenye chujio.

Utaona jambo hilo hilo huku kwetu Afrika. Mji wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ulikuwa wa kwanza duniani kusafisha majitaka na kuyaingiza moja kwa moja katika maji ya kunywa ya mji. Walianza mwaka 1968 katika mtambo wa Goreangab, na mwaka 2002 wakafungua mtambo mpya wenye uwezo wa lita milioni 21 kwa siku. Namibia ni nchi ya jangwa na Windhoek haina mto wa kudumu karibu. Wao hawatumii ule utando wa kusukuma kwa nguvu, bali gesi ya ozoni, mkaa maalumu na machujio. Na tangu mwanzo waliyatenga majitaka ya viwanda, yakapita njia yake, ili kwenye mtambo wa maji ya kunywa yaende yale ya majumbani tu.

WALIOKATAA

Si kila mahali watu walikubali. Mji wa San Diego, ulio kusini ya Kaunti ya Orange, ulikuwa na mpango kama huu, lakini wapinzani waliupa jina la "kutoka chooni hadi bombani", na jina likatosha kuuua. Baraza la mji liliusimamisha mwaka 1999, na ilichukua miaka 15 kabla ya mpango mpya kupitishwa mwaka 2014. Huko Australia, mji wa Toowoomba ulikuwa katika ukame mkali, lakini wananchi walipopiga kura Julai 2006, zaidi ya asilimia 60 walikataa.

Hatuwalaumu. Kinyaa ni tabia ya binadamu, na ina faida zake. Ila tunadhani jina lile halikuwa la haki. Mji wa Las Vegas husafisha majitaka yake na kuyarudisha katika Ziwa Mead, ambalo ni sehemu ya Mto Colorado, na maji ya mto huo ndiyo yanayoletwa kusini ya California, San Diego ikiwemo. Waliokataa maji ya vyoo vyao walikuwa wanakunywa kwa miaka mingi maji yaliyochanganyika na ya vyoo vya wenzao, na hakuna aliyeona vibaya kwa sababu yalipita mtoni kwanza.

Kaunti ya Orange ilijifunza. Kwa miaka takriban kumi kabla ya mtambo kufunguliwa, watumishi wake walikwenda kwenye mikutano ya mitaa, shule, hospitali na nyumba za ibada, wakieleza na kujibu maswali. Hata leo wageni hukaribishwa kuutembelea mtambo, na mwisho wa ziara hupewa kikombe waonje.

WANAZUONI WAMESEMAJE

Sasa tuje kwenye fiqhi. Wanafunzi wa darasa la tatu na kuendelea wanakumbuka somo la maji. Maji mengi, yaani yaliyofikia kulateni, ambazo wanazuoni wa sasa wanazikadiria kwa viwango vinavyotofautiana vya karibu lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi tu, mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakibadilika ni najisi. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, badiliko hilo likiondoka lenyewe, au kwa kuongezewa maji, maji hurudi katika twahara yake. Lakini ukitia miski au zafarani ili harufu nzuri iifunike mbaya, hayatwahiriki, kwa sababu hujaondoa kitu, umekificha.

Masahaba nao walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kisima cha Budhaa kilichokuwa Madina, ambacho uchafu na vitu vinavyonuka vilikuwa vikiangukia ndani yake, kama yafaa kutawadhia maji yake. Akawajibu kwamba maji yale ni twahara. Maulamaa wameieleza hadithi hiyo pamoja na sharti la kutobadilika sifa zile tatu.

Kutokana na misingi hiyo, Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978, na baadaye Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, likakutana Makka mwezi wa Rajabu 1409, sawa na Februari 1989, likawauliza wataalamu wa kemia namna majitaka yanavyosafishwa. Uamuzi wao ni kwamba majitaka yakisafishwa mpaka isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yanakuwa twahara, na yafaa kutawadhia, kuogea janaba na kuondoshea najisi.

Ni amana kusema kwamba hawakuwa kauli moja wote. Sheikh Bakr Abu Zayd, mmoja wa wajumbe, aliandika kupinga. Hoja yake ni kwamba majitaka hayaachwi kwa sababu ya unajisi peke yake. Yanaachwa pia kwa sababu ya madhara ya maradhi na kwa sababu nafsi inayachukia, na hayo mawili hayaondoki kwa kuangalia rangi na kunusa tu. Na hata wale waliohalalisha, katika suala la kunywa waliangalia madhara: ikiwa wataalamu wa afya watasema yanadhuru, basi yaachwe kwa ajili ya kuilinda nafsi, si kwa ajili ya najisi.

Mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri. Je, zile dawa na chokaa si mfano wa miski na zafarani? Tukamjibu kuwa sivyo. Miski inafunika. Machujio na utando vinaitoa najisi yenyewe na kuiweka kando, hata ukitaka kuiona utaoneshwa. Chokaa hutiwa baadaye, wakati hakuna tena harufu ya kufunikwa.

MAJI SAFI YA MACHO

Hoja ya Sheikh Bakr imetushughulisha, na hatukuona vyema kuiacha Marekani. Alama tatu za ladha, rangi na harufu zinatupa hukumu ya twahara. Hazitupi habari ya maradhi, kwa kuwa kijidudu cha kipindupindu hakina rangi tunayoiona wala harufu. Katika mitaa yetu kuna nyumba ambazo kisima na shimo la choo viko hatua chache tu. Maji yake ni meupe, matamu, hayanuki. Ukitawadha kwayo udhu wako unasihi. Ukiyanywa bila kuyachemsha unaweza kulazwa kesho. Na hayo tunayanywa, na hatujawahi kuletewa swali juu yake.

Kule Orange maji hupimwa kila siku, maabara ina orodha ya mamia ya vitu vya kutafuta, na jopo la wataalamu wa nje hukagua kazi yao. Kwetu, kisima kikipimwa basi ni siku moja ya kuchimbwa. Tulimwambia mama yule, kwa heshima, kwamba mkwewe aliyeko Anaheim ana maji yenye ulinzi kuliko yaliyomo katika mtungi wa nyumba yake yeye mwenyewe. Alicheka, kisha akauliza choo kiwe mbali kiasi gani na kisima. Tukamwambia angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Akanyamaza akihesabu.

MAJIBU TULIYOPELEKA ANAHEIM

Tulimwandikia kijana na mkewe barua moja, wasome wote wawili. Tuliwaeleza kwamba sisi ni walimu wa madrasa tu, si mamufti, na tunanakili waliyoamua wanazuoni.

Swala za miaka mitatu zilisihi na hakuna la kulipa. Maji ya bomba lao yanatoka katika hazina ya chini ya ardhi na mengine yanatoka mbali, hayana rangi, ladha wala harufu ya najisi, na asili ya maji ni twahara mpaka ipatikane yakini ya kinyume. Karatasi ya maelezo inayosema maji yalitoka wapi si yakini ya kwamba sasa ni najisi. Watawadhe kwayo bila wasiwasi, na maji ya chupa wasiyamalize kwenye miguu.

Ama kunywa, kama nafsi yake bado inakataa, halazimishwi. Kinyaa si dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, hakuila kwa kuwa nafsi yake haikuizoea, na hakuiharamisha. Khalid bin Walid akaila mbele yake. Basi binti yetu anywe ya chupa akipenda, ila asiwaambie watoto kwamba maji ya baba yao ni najisi.

Kwa mume tuliandika mistari miwili tu. Mkewe aliuliza kwa kuichelea swala yake, na kuuliza kwa namna hiyo hakuitwi kujitesa. Ampeleke akautembelee mtambo wa Fountain Valley, hauko mbali na kwao.

Mama alitujulisha mwezi uliofuata kwamba wamekwenda. Binti alipewa kikombe akakishika kwa muda mrefu. Akatawadha nacho.

Wallahu aalam.